Marufuku Kuvua

Nyinyi vijana mnaokalia sasa viti vyetu vya Mazingira, hapa Baraka na kule juu Fizi: siku ile mliponiaga mliniomba niwaandikie mambo niliyoyaona kazini. Mlikuwa mmeshiba, nikadhani mtasahau. Hamkusahau. Haya, someni. Habari za vyeo nitaziruka kwa sababu ni fupi, na za mshahara nitaziruka kwa sababu mnazijua. Nitawaeleza nilivyoanza, nilivyokosea, na jinsi nilivyokuja kuwajua samaki nikiwa nimeshastaafu, mimi niliyewapigia kashe, yaani muhuri, samaki wa ziwa hili miaka yote hiyo bila kumwona hata mmoja akiwa hai ndani ya maji yake.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Kama serikali ingekuwa na kazi ya kukaa mlangoni kwa mama yangu na kuangalia wanaopita, ningeifanya kwa bidii na likizo nisiombe. Lakini nilimaliza sekondari, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mwandiko mzuri ni kama mguu mrefu: watu wanakutuma.

Nilifika Fizi-Centre asubuhi juu ya lori la mihogo, nimejikunja kwenye magunia, nimekumbatia mto wangu wa kulalia. Ukungu ulikuwa umefunika biro, yaani ofisi. Nilipita mbele yake mara mbili nikiitafuta. Aliyenipokea alikuwa Papa Etungano, karani mkubwa wa Mazingira, mzee mwembamba aliyevaa koti lilelile mvua na jua. Alisoma karatasi yangu ya kazi, kisha akauangalia mto.

"We umekuja kutumika ao umekuja kulala?"

"Kutumika, Papa."

"Basi ile uiweke ku kiti. Kiti yetu iko na musumari."

Ilikuwa kweli. Mto ule ulikaa juu ya msumari ule miaka minne, na ndio mchango wangu wa kwanza katika utumishi wa umma.

Vyombo vya kazi vilikuwa vitatu. Kulikuwa na kashe, iliyolala kwenye kopo la maziwa ya unga. Kulikuwa na utepe wa kupimia miti, umekatika mwanzoni, kwa hiyo ulianzia kumi. Ukishapima unatoa kumi. Mimi nilisahau kutoa, na kwa mwezi mzima miti yote ya Fizi ilinenepa katika ripoti. Cha tatu kilikuwa kisanduku cha kiberiti, kitupu. Hicho kilipima macho ya wavu: kikipita, wavu ni halali, kikikwama, wavu unachukua watoto wa samaki. Mnacheka. Nyinyi mna vipimo vya plastiki vilivyoletwa na mradi, na vimefungiwa kabatini na ufunguo haujulikani uliko.

Papa Etungano hakunifundisha kwa hotuba. Aliniacha nikosee, kisha ananiangalia. Mwezi wa tatu nilimwandikia mtu mmoja ruhusa ya kukata "mti mmoja". Sikuandika mti gani, wala wapi, wala mpaka lini. Yule bwana aliitunza karatasi ile vizuri kuliko cheti cha ubatizo. Kila gogo lililoshuka kwenda Baraka lilipita kwenye kizuizi na karatasi yangu: ni ule mti mmoja. Mwaka uliisha, mti unashuka tu.

"Ile muti yako," Papa Etungano aliniambia siku moja, bila kuinua kichwa, "inapita barabara ya Uvira kwa urefu. Itafika baharini mbele yetu."

Nikasema nilidanganywa.

"Haukudanganywa. Kashe haina macho, mutoto yangu. Ni we unapashwa kuiazimisha yako."

Kesi iliyonisumbua zaidi haikuwa ya mti. Nilitumwa Swima, kwenye ufuo wa ziwa, kukagua nyavu. Nikamkuta mama mmoja anavuta ndagala, yaani dagaa, kwa mustikere, hiki chandarua cha mbu. Kiberiti hakikupita hata pembe. Nikakamata. Hakubishana. Alikikunja mwenyewe, kikiwa kinatiririka maji, akanipa.

"Chukua, Shefu. Lakini uniandikie karatasi, batoto balale nayo. Mbu ikiuliza, baonyeshe."

Nami nikaandika! Niligonga hata kashe. Chandarua kilikuwa kimoja tu: mchana kinavua, usiku kinalaza watoto. Papa Etungano alipoisoma nakala ya karatasi ile aliisahau chai yake mpaka ikapoa. Halafu akanirudisha Swima, mimi na chandarua.

"Murudishie. Na umuulize: analoba samaki gani, wapi, na sababu gani karibu na inchi kavu vile? We ulikamata wavu, haukukamata jibu."

Nilikwenda, nikauliza, nikajibiwa vizuri sana mpaka nikala pale. Alikuwa hana mtumbwi. Mume alikuwa ameondoka nao. Nilijifunza haraka, kama vijana wote. Na nikasahau haraka, kama vijana wote.

Kisha vita vilitufikia, tukavuka ziwa. Wengine walibeba magodoro. Mimi nilibeba kashe, na mke wangu, Mama Riziki, alibeba vingine vyote, jambo ambalo hajawahi kuacha kulitaja. Miaka yetu ya ukimbizi Tanzania nilikuwa karani wa kugawa unga kambini. Huko ndiko Kiswahili changu kilikopigwa pasi. Niliacha "bantu" nikasema "watu", niliacha "iko" nikasema "yupo", "lipo", "kipo", kila kitu na kamba yake. Papa Etungano hakurudi. Amelala kule ng'ambo. Mimi nilirudi na kashe, kiberiti chake, na ugonjwa wa kuwasahihisha watu wanapoongea. Mke wangu aliniita Mutanzania wa salon, yaani wa sebuleni.

Baada ya kurudi nilipangwa Baraka, nyumbani kabisa, na hapo furaha yangu ikaniharibu. Niligonga kashe kwenye karatasi za mitumbwi, za nyavu, za samaki wakavu wanaopanda magari, mpaka watu wakaniita Papa Kashe. Sikutoka. Nilimjua kuhe, samaki yule mkubwa wa rangi ya njano, kwa njia mbili: kwa jina lake kwenye karatasi na kwa mchuzi. Mtu akiniuliza kuhe anazaa wapi, nilimjibu: "Andika barua." Papa Etungano angeniangalia.

Nikastaafu. Wiki ya kwanza nilikaa mlangoni. Wiki ya pili nilikaa mlangoni. Wiki ya tatu Mama Riziki alisimama mbele yangu na ufagio.

"Baba Riziki, nimefagia pande zote za nyumba. Inabaki chini yako."

"Nimepumzika, mama. Nimetumikia nchi."

"Nchi inakushukuru. Sasa enda ukachunge hata samaki!"

Alisema kwa hasira tu, lakini kwa bahati mbaya wakati ule watu wa ufuo, Wakristo na Waislamu, walikuwa wanaunda komite ya kulinda mahali wanapolelewa kuhe, na walikuwa wanatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Nikawa sekretere wa kujitolea. Nilichunga samaki.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Kati ya Baraka na Swima kuna kighuba kidogo chenye mchanga na mawe makubwa. Mvua zikianza, kuhe huzaa mbele kidogo, kwenye maji marefu, halafu baba na mama huleta watoto wao pale penye maji ya kiunoni na kuwalinda. Hawakimbii. Samaki mwingine ukimzungushia wavu anatafuta tundu. Kuhe anabaki na watoto. Kwa hiyo wavu mmoja wa kukokota unachukua baba, mama na ukoo. Komite iliomba kighuba kifungwe. Shefu wa kijiji alikubali kwa sharti: kifungwe mpaka mwisho wa mvua, na siku hiyo komite ionyeshe watoto wa kuhe waliokua. Wasipoonekana, maji yanafunguliwa na neno hilo halirudi tena. "Sitazibia bantu maji juu ya maneno ya daftari," alisema, akiniangalia mimi.

Na aliyezibiwa alikuwa na jina: Amisi, kijana wa makamo mwenye watoto watano na mtumbwi uliozibwa kwa lami na bati. Mtumbwi ule haukuweza kwenda mbali. Maji yake Amisi yalikuwa yale ya karibu tu, pembeni ya kighuba, nayo yalifungwa pamoja nacho. Alikubali mbele ya wote, lakini alikubali kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ubao. Niliupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi ambazo hata mkuu wa wilaya kule ng'ambo angezipigia saluti: NI MARUFUKU KUVUA HAPA. ADHABU KALI. Mama Riziki alikuja akiwa anakausha mikono.

"Na ile 'kuvua' ni nini?"

"Ni kuloba, mama. Kwa Kiswahili safi."

"Kiswahili safi ya nani?"

Mtu aliyeishia darasa la sita hawezi kumfundisha sarufi mtu aliyegawa unga Tanzania.

Tuliusimika ubao, na tangu siku hiyo nikaanza kukaa juu ya jiwe na darubini niliyoazimwa na padri. Nawaambia ukweli, nilianza kuipenda kazi. Nilitaka kujua. Je, baba na mama wanapokezana? Wanakula saa ngapi? Watoto wanafahamuje wakati wa kujificha? Nilifungua daftari, nikagawa kurasa kwa mistari. Jambo moja tu lilinishangaza: akina mama waliokuwa wakioga na kufua pale kila asubuhi hawakuja tena. Nikaandika katika daftari: "Utulivu."

Siku ya kumi hivi nilifika nikakuta Amisi na wenzake wawili wanakokota wavu mbele ya ubao kabisa, karibu waufunge kamba. Na wamevaa! Suruali ndefu, mashati yamefungwa vifungo, Amisi ana koti la harusi na kofia, maji yako kifuani.

"Amisi! Hukusoma ubao?"

"Nilisoma, Papa Kashe. Tena sisi batatu tuliisoma."

"Sasa unafanya nini?"

"Ninaloba na nguo, vile muliandika." Akashika kofia yake kwa heshima. "Angalia, hata kofia sijavula. Ile mwengine alitaka kuvula shati, nikamwambia: adhabu kali."

Sikuelewa. Nilisimama pale kama gogo la ule mti mmoja. Yeye akaendelea, sasa na dharau kidogo:

"Mi nilifikiri munafunga maji. Kumbe munafunga tu kuvula nguo. Nikasema Papa Kashe amenihurumia. Nguo inalemea mu maji, lakini sheria ni sheria."

Ndani ya wavu mlikuwa na ndagala wachache, na kuhe mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wangu. Alikuwa bado anapumua walipoondoka naye.

Sijui kama Amisi alikosea kweli au alichagua kukosea. Nilimuuliza baadaye, akacheka. Lakini kosa lenyewe lilikuwa langu, na nililijua kabla sijafika nyumbani. Kwetu hakuna anayesema "kuvua samaki". Tunasema kuloba. Ukimwambia mtu wa hapa "kuvua", anashika vifungo vya shati.

Nilikuta nyumba imejaa wanawake. Mbele yao amekaa Mama Zaina, mwenye mashua mbili za injini, mama wa ufuo ambaye hata Shefu humsalimu akiwa amesimama. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Papa Kashe," Mama Zaina alianza polepole, "sisi tunakuheshimu. Umezeeka muzuri. Tunakuuliza tu neno moja."

"Uliza, Mama Zaina."

"Uliweka mbao asema tusivule nguo kwenye tunakoga. Tukasema sawa, pengine ni dini. Halafu unapanda juu ya jiwe, kila asubuhi, na jimeli ku macho." Jimeli ndiyo ile darubini. Akawageukia wenzake ili wahesabu asubuhi hizo. "Unaangaliaka nini? Kama tunaheshimu?"

Hapo kitenge cha mke wangu kilianguka. Hakuwa analia.

"Nilimuuliza!" alisema, akipangusa machozi. "Nilimuuliza, Kiswahili safi ya nani!"

Nikaeleza. Nilieleza kuvua na kuvua, kuhe na watoto wao, Shefu na mwisho wa mvua. Nilijua jinsi nilivyokuwa naonekana: mzee na darubini, anatoa somo la sarufi. Wanawake walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama Zaina peke yake aliacha kucheka mapema.

"Kuhe? Ile yenye inatupigaka ku miguu?"

"Inawapiga?"

"We haujue? Kila mwaka, mvua ikianza. Unasimama unafua, inakuja inakugonga hapa." Alinyoosha mguu akaonyesha juu ya kifundo. "Haiume sana. Inasema: toka, kuko batoto. Tunasogea. Bibi wa Saidi ilimugonga mara ine siku moja, akaitukana kwa Kibembe."

Nilikaa chini. Miaka yote ile ya kashe, na kitu nilichotaka kujua kilikuwa kimeandikwa kwenye miguu ya akina mama, mita mia mbili kutoka nyumbani kwangu. Nikatoa daftari, nikaanza kuuliza. Wangapi kwa wakati mmoja? Wanakuja mwezi gani? Ni yule mkubwa anayegonga au mdogo? Walijibu kwa pamoja, wakabishana, wakasahihishana, na Mama Riziki akaleta chai. Swali langu la mwisho ndilo lililonivunja.

"Na balobaji? Miaka yote hiyo walikuwa hawakokoti pale?"

Wakanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inaanguka.

"Batakokota namna gani?" alisema Mama Zaina. "Pale ni kwenye tunakoga. Mwanaume atakuja na wavu mahali mama mukwe wake iko uchi? Amisi ni mukwe wangu. Akiniona tu ku njia, anapita mu mihogo."

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kighuba kile kilikuwa kimefungwa tangu zamani, kabla ya komite, bila barua wala kashe. Walinzi wake walikuwa wanakwenda na sabuni na mabeseni. Mimi nilikuja na ubao mweupe nikawafukuza walinzi, nikawafungulia mlango wenye nyavu. Muda wote wa utumishi wangu hakuna ruhusa niliyotoa iliyokuwa kubwa kama ile.

Tuliung'oa ubao jioni hiyohiyo. Kesho yake Mama Zaina na mke wangu waliingia majini kutazama kimebaki nini, nami nikalazimika kuingia nao, suruali imekunjwa, moyo umekunjwa zaidi, maana naogopa maji na mamba hata mahali ambapo mamba hajaonekana. Walinivuta mpaka kiunoni. Tulisimama tukingoja. Kisha kitu kigumu kikanigonga mguuni, pu! Nikapiga kelele ambayo mpaka leo inaigwa sokoni. Nilipoinamisha uso niliona wingu jembamba la vitu kama mbegu za ufuta, likisogea kwa pamoja, na juu yake kivuli cha njano. Kimoja. Mama Zaina alizunguka mawe yote.

"Iko moja tu," alisema. "Mwenzake ni ile Amisi alikamata."

Alikuwa amebaki yule mdogo, na tulikubaliana kwamba ni mama. Peke yake, na samaki wengine wengi pembeni wanaongoja ageuke. Sikumkuta mtu yeyote, wala kule kwenu ofisini, aliyeweza kuniambia kama kuhe mmoja anaweza kulea watoto peke yake mpaka mwisho wa mvua. Nililala na swali hilo kama mtu anayelala na jino linalouma.

Akina mama walirudi kuoga. Mimi, kwa heshima, nilirudisha darubini kwa padri na kuhamia barabarani, nyuma ya shamba la mihogo, mgongo umeelekea ziwa. Pale nilikaa kila asubuhi na daftari langu. Wanawake wakipita na mabeseni vichwani walitoa ripoti bila kusimama: "Iko, Papa Kashe. Iko ku jiwe ya pili." "Leo imenigonga." "Batoto iko kama punje ya mupunga." "Leo kama ndagala kadogo." Nilikuwa nikiandika tarehe, saa, na jina la mguu uliogongwa.

Amisi alikuja siku ya tatu. Hakunisalimia.

"Munanifunga bila kamba. Ningevunja mbao yenu. Lakini mama mukwe nitamuvunja namna gani?"

"Kosa ni langu, Amisi."

"Kosa hailiwake. Batoto batakula nini?"

Safari hii jibu sikulitafuta kwenye karatasi. Nilikwenda kwa Mama Zaina, nikamrudishia swali kama lilivyo. Akatafuna kucha muda mrefu. Mkwe hawezi kuomba kwa mama mkwe, na mama mkwe hawezi kumwita mkwe. Kwa hiyo mimi, mtu wa nyumbani, nilitembea kati ya nyumba mbili hizo wiki nzima nikibeba maneno. Mwishoni Amisi alipata nafasi kwenye mojawapo ya mashua za Mama Zaina, zile zinazokwenda mbali. Si nafasi ya kuamrisha, ya kuvuta. Mtu aliyekuwa nahodha wa bati na lami akawa wa nne kwenye kamba. Aliikubali, na hakunishukuru, na sikuona sababu ya yeye kunishukuru.

Lakini asubuhi, akirudi kutoka ziwani, alipita pale barabarani. Siku za kwanza alipita tu. Halafu siku moja alisimama, mgongo umeelekea ziwa kama wangu.

"Ile mama ingali?"

"Ingali."

"Iko peke yake?"

"Peke yake."

Akatema mate, akaenda. Kesho yake aliuliza tena. Kisha akaanza kuniambia vitu: kwamba kuhe akiwa analea tumbo lake huwa tupu, amewapasua wengi na hajawahi kukuta kitu, kwamba anadhani hawali kabisa. Nikaandika. Nikamuuliza wanakaa bila kula siku ngapi. Hakujua. Tukabaki pale wanaume wawili, tumelipa ziwa mgongo, tukijiuliza samaki mmoja atashinda njaa mpaka lini.

Mvua zilipungua. Shefu akaja na wazee wake wanne, na watu wa komite, na baadhi ya wavuvi waliotaka maji yafunguliwe. Amisi alikuja pia, hakusema yuko upande gani. Msafara ulishuka kwenye njia ya mihogo mpaka sauti moja ikapaa kutoka majini:

"Musishuke! Tunakoga!"

Wote walisimama. Wawili kati ya wale wazee wana wake wanaotoka ufuo ule. Waligeuka wa kwanza. Shefu akageuka wa mwisho, kwa sababu ya cheo. Tukawa safu moja barabarani, tunaangalia mlima.

"Sekretere," Shefu alisema, "tutakagua namna gani?"

"Tutawauliza wao, Shefu. Ndio wanaojua."

Alifikiri. "Uliza basi."

"Mama Zaina!" nilipaza sauti kuelekea mlimani. "Shefu anauliza kama kuko batoto!"

Maji yakasikika yakichapwa, wanawake wakisogezana. Kalamu yangu ikaweka nukta tatu mahali pasipo na neno. Pembeni yangu Amisi alikuwa amefunga macho.

"Kuko!" ikarudi sauti. "Bamekuwa kama kidole! Ni mingi, sitaweza kuhesabu, banatembea katikati ya miguu yetu!"

"Na mama yabo?" Ni Amisi aliyeita. Alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe wake neno moja kwa sauti tangu ndoa. Wazee walimtazama. Alitazama chini.

Majini walishangaa. Kisha Mama Zaina akajibu, taratibu zaidi:

"Imekonda sana, mukwe. Lakini iko."

Amisi akaachia pumzi. Shefu akasafisha koo.

"Andika: tumekagua." Niliandika. "Andika: maji inabaki yenye kufungwa." Niliandika. "Mupaka lini?"

Wavuvi walitazamana, mmoja alianza kusema mwezi, mwingine akasema mwaka. Shefu akainua kichwa kuelekea mlimani na kupaza sauti yake ya mikutano:

"Bamama! Tufunge mupaka lini?"

"Mupaka tumalize koga!"

"Na mutamaliza koga lini?"

Kicheko kilichotoka ziwani kilitufikia mgongoni, na hatukupewa jibu lingine. Shefu alingoja kidogo, kisha akaniashiria kwa kidevu. Basi ndiyo sababu, vijana, katika faili yenu ya ufuo mtakuta PV moja, yaani ripoti rasmi, yenye mwandiko mzuri, inayosema kwamba kighuba kimefungwa "mpaka bamama bamalize koga". Shahidi wa kwanza aliyetia sahihi ni Amisi. Msiisahihishe.